Kuku wa Mama Atupele

Kupita Matema, Kyela
18 Februari 2024

Shangazi Teodora,

Shikamoo. Salamu hii imepanda mtumbwi hadi Matema, imelala Kyela mjini kungoja posta ifunguliwe, ndipo ikaanza safari ya kuja kwako Kamachumu. Iitikie kwa heshima. Ningekupigia simu, lakini mtandao huku unashika ukipanda mlimani, na wewe kwenye simu kazi yako ni kupiga kelele “haloo” mpaka salio linaisha.

Mimi mzima. Malaria imeniachia. Mchele wa huku ni mtamu mpaka naona aibu kuwaambia, na usipa, hawa samaki wadogo wa ziwani, nimewazoea. Ndizi tu ndizo zinanigombanisha na majirani, maana nikizipika kama zetu wanacheka. Nimesikia Anord amerudi kukaa na wewe. Vipi, kazi ya Mwanza imemshinda mdogo wangu? Mwambie asifanye shamba lako la kahawa kuwa maficho.

Sasa lililonikalisha chini. Shangazi, nimeharibu kazi.

Unakumbuka nilivyojisifu mwaka jana kwamba watoto wangu wa darasa la kwanza wanasoma kitabu kizima? Mbele yao alikuwa Atupele, binti wa mama mmoja mfinyanzi. Alisimama kanisani akasoma kifungu, watu wakatoa machozi. Kesho yake mama yake akachinja kuku akaniletea na mchele. Nilimla, Shangazi, mpaka shingo.

Mwaka huu nimepanda nao darasa la pili. Juzi akaja mthibiti ubora wa elimu, akampa Atupele karatasi mpya yenye picha ya ng’ombe. Mtoto akaitazama picha, akasimama wima, akaanza: “Ng’ombe wetu ni mweupe, ng’ombe wetu anatoa maziwa.” Akamaliza ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la kwanza bila kukosea hata neno moja, na hakuna neno hata moja kati ya hayo lililokuwa kwenye ile karatasi.

Tulipowapima wengine, karibu wote ni hivyo hivyo. Nyumbani wanasema Kikisi, sokoni Kinyakyusa. Kiswahili changu wamekishika kama nyimbo za kwaya, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea, na mimi nikapiga makofi. Novemba kuna upimaji. Asiyeweza kusoma atarudia darasa, na mama Atupele ameshaniambia mtoto wake harudii: akishindwa atakaa kwenye udongo na yeye, basi. Halafu akaongeza: “Mwalimu, umekula kuku wangu.”

Silali vizuri, nakuambia ukweli.

Wewe umefundisha darasa la kwanza tangu sijazaliwa, na mimi mwenyewe ulinifundisha mezani kwako mama alipofariki. Niandikie kwa mkono wako, kwenye karatasi za manila, kwa ule mwandiko wako wa ubaoni: hadithi fupi moja, barua moja, kitendawili, tangazo, na maelekezo ya kufanya kitu. Vitu ambavyo hawajawahi kuvisikia, wasiweze kuvikariri. Nitavibandika ukutani. Tafadhali, usichelewe.

Mwanao,
Evodia


Kamachumu, Muleba
20 Machi 2024

Evodia mwanangu,

Marahaba. Hapa tupo. Mvua imenyesha vizuri, migomba imesimama, na padre mpya anahubiri mpaka maharage yanaungua jikoni. Mkono unanisumbua kidogo tangu Januari, kwa hiyo namwambia Anord maneno, yeye anaandika. Usimseme Anord. Kazi ya Mwanza ameiacha mwenyewe.

Kuku umeshamla, acha kumlilia. Sikiliza.

Nani alikuambia mtoto anaanza na hadithi ya ng’ombe mweupe? Hadithi ni tamu, na kitu kitamu mtoto anakimeza bila kutafuna. Anza na onyo. Hapo darasani hakuna kiti kibovu? Mtoto mmoja aandike “kiti hiki kina msumari”, abandike karatasi ukutani, asiseme kitu. Asiyesoma atajua kwa matako. Baada ya onyo nenda kwenye tangazo, kisha maelekezo: mmoja anaandika, mwenzake anafanya kile kilichoandikwa hata kama ni upuuzi. Wacheke. Barua ije baadaye, na iwe barua inayokwenda kwa mtu kweli, si ya kusahihishwa na kurudishwa. Hadithi ije mwisho. Kila aina ya maandishi ina kazi yake, na mtoto asipoiona kazi atakuimbia tu.

Tena andika herufi kubwa, barua yako iliyopita ilikuwa imejaa kama kapu la senene.

Ni mimi Shangazi yako,
Teodora


Kupita Matema
28 Aprili 2024

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Huku mvua hainyeshi, inamwagwa. Njia ya mguu imekatika na kwa wiki nzima hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka, ndiyo maana barua yako nimeipata imechelewa na imelowa pembeni. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Lameck, anakusalimu ingawa hamjuani. Na pole na mkono. Kama macho nayo yamepungua nguvu, nenda Bukoba wakupime miwani, usijifanye kijana. Nimekuandikia herufi kubwa, unaona?

Kiti kimefanya kazi! Mtoto anaitwa Anyisile, mtundu kuliko mbuzi, ndiye aliyeandika: KITI HIKI KINA MSUMARI USIKAE. Darasa zima likaitazama karatasi ukutani, likaimba kitu kingine kabisa, na Zebedayo akaenda kukaa. Ule ukelele ulisikika ofisini. Tangu siku hiyo mtu hakai bila kuchungulia ukuta. Wengine sasa wanasoma silabi kwa silabi wakitokwa jasho, na mimi naziba mdomo nisiwasaidie.

Lakini Atupele hapana. Yeye ndiye aliyekariri vizuri kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayeona aibu kuliko wote. Akipewa karatasi anatabasamu na kunyamaza. Wenzake wakishasoma, yeye anarudia maneno yao upesi na kwa sauti nzuri, na mgeni angemsifu. Nimemtembelea mama yake. Alikuwa anazungusha chungu mapajani, hakuinua uso. Nilimweleza kwamba sasa tunafundisha kwa njia nyingine. Akasema, “Ndaga, mwalimu. Mpaka Novemba.”

Ndaga ni asante yao. Ile haikuwa asante.

Shangazi, hujanitumia zile manila, wala hukuzitaja. Naziomba tena. Atupele anajua sauti yangu na mwandiko wangu, anabahatisha kwa kunitazama usoni. Nataka maandishi ya mtu asiyemjua. Hata kurasa mbili. Anord hawezi, mwandiko wake ni kuku amekanyaga matope.

Evodia


Kamachumu
30 Juni 2024

Evodia,

Hatujambo. Kahawa tunavuna. Jirani yetu mama Jovitus alilazwa, sasa ametoka. Barua yako ya msumari Anord alinisomea, nikacheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikamwambia anisomee tena.

Manila hazijapatikana. Mkono bado. Endelea na maelekezo.

Wanaokusalimu ni wengi.

Teodora


Kupita Matema
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wa hapa wazima.

Manila hazijapatikana? Kamachumu, ambako kila duka lenye daftari lina manila? Nimengoja barua yako tangu Aprili, nikashuka Kyela mjini kwa ajili yake, nikaifungua pale pale posta nimesimama, na ndani nakuta kahawa na mama Jovitus.

Sikuombi mahari. Nakuomba kurasa mbili. Nina watoto darasa zima, benchi hazitoshi, wengine wanaandikia magotini. Nikifunga macho usiku naona ule uso wa Atupele unaotabasamu. Mama yake ameshamkatia kipande chake cha udongo, anamfundisha jioni, na mtoto ana mikono mizuri. Kila chungu anachofinyanga vizuri kinamtoa darasani kidogo. Nani nitamlilia? Hapa mwenye uzoefu ni Mwalimu Lameck, naye ana madarasa mawili na ofisi. Nilikuwa na wewe tu.

Kama umechoka na mimi, sema. Kama umeamua kwamba sasa nimekua nijitegemee, sema pia. Ila usimtume Anord kuniandikia kwamba manila hazijapatikana. Uongo huo ungenichapa kwa ajili yake nilipokuwa mdogo.

Evodia


Kamachumu
2 Septemba 2024

Mwanangu Evodia,

Leo sina habari za mvua.

Anord alikuwa anaisoma barua yako, akafika kwenye “nilikuwa na wewe tu”, akashindwa kuendelea. Nikamwambia asome, akakataa. Nikainyakua niisome mwenyewe. Ndipo nikakumbuka kwamba siwezi.

Nilipigwa na kiharusi mwishoni mwa Januari. Mguu umerudi, mdomo umerudi kama unavyoona, ila mkono wa kulia umebaki mzito. Na kusoma kumeondoka. Macho ni mazima, nesi amenipima. Naona herufi vizuri kabisa. Ninaitazama naijua kama mtu niliyesoma naye, lakini jina lake halinijii. Gazeti, misale ya kanisani, majina kwenye makaburi ya wazazi wangu, vyote vimenyamaza. Anord aliacha kazi kwa ajili hiyo, nami nikamwapisha asikuambie.

Ungetaka nikuambie nini? Watoto wa wilaya hii nusu nimewasomesha mimi. Wananiamkia njiani, “Shikamoo mwalimu”, halafu wananipa karatasi za kliniki niwasomee. Nimejifunza kuzitazama kidogo na kusema nimesahau miwani. Tabasamu la huyo Atupele nalijua, Evodia. Ni langu. Jumapili nashika kitabu cha nyimbo, naimba kila ubeti bila kukosea.

Ndiyo maana manila hazikuja. Nilijaribu. Anord alinishikia kalamu kwenye mkono wa kushoto, nikakaa mezani pale nilipokufundisha wewe, na sikujua “ba” inaanzia wapi. Nililia kwa sauti, jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Sikukutupa. Sina cha kukupa.

Teodora


Kupita Matema
6 Oktoba 2024

SHANGAZI. SHIKAMOO. POLE. NAKUPENDA.

Hayo ya juu ni yako, Anord asikusomee. Kaa nayo hata siku nzima. Yaliyobaki haya Anord akusomee.

Anord, soma polepole na usilie tena.

Shangazi, barua yangu ya Agosti itupe jikoni. Nilipoipata yako nilikaa ufukweni mpaka chupi ikalowa mawimbi, na watu wakanipita wakinisalimia “ugonile” nisiweze kuitikia. Nilitaka kuomba ruhusa nije. Mwalimu Lameck akaniambia ukweli: nikiondoka Oktoba, Novemba hawa watoto hawana mtu. Nimebaki. Sijui kama nimefanya sawa. Sijui lolote siku hizi.

Nimefanya hili. Niliwaambia watoto kwamba mbali sana, kwenye ziwa jingine, kuna bibi ambaye alijua kusoma, akaugua, na sasa anaanza upya kama wao. Anyisile akauliza, “Na yeye anachapwa?” Nikasema hapana. Akauliza, “Ana kiti?” Basi ndani ya bahasha hii kuna ile karatasi yake ya msumari, ameing’oa ukutani mwenyewe, pamoja na maonyo, matangazo na vitendawili vya wenzake. Wameandika herufi kubwa. Ubandike nyumbani kama sisi.

Atupele hakuandika. Alikaa na kalamu kipindi kizima. Lakini kengele ilipolia alikuja mezani kwangu, akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili chake mwenyewe ambacho si cha kitabu: “Bibi huyo, aliona haya?”

Nikamwambia, sana.

Evodia


Kupita Matema
24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umepata nguvu. Kakao imeiva bondeni Ipyana, wanaanika kila mahali, harufu inakuja hadi kwenye basi. Msimu wa senene umefika huko, mnikumbuke.

Upimaji umepita. Zaidi ya nusu wamesoma. Anyisile amesoma ukurasa mzima, kwa makelele, akimwuliza mpimaji kama kiti chake ni salama. Mwalimu Lameck anasema kwa hapa hiyo ni sherehe.

Atupele alipewa hadithi ya mtoto na gari moshi. Aliianza. Nilikuwa mlangoni, nilimsikia: “Ju-ma a-li…” Kweli alikuwa anasoma, Shangazi, kwa mara ya kwanza! Kisha akasikia mwenyewe jinsi sauti yake ilivyo mbaya, yeye aliyezoea kusoma kama mhubiri, akanyamaza. Akatabasamu. Mpimaji akangoja, akaandika alama yake, akaita mwingine.

Jumatatu hakuja. Nilikwenda kwao. Ameshika udongo, ana tope mpaka viwikoni. Nilimwambia mama yake kwamba mtoto alianza kusoma, niliyasikia maneno mawili kwa masikio yangu. Akasema, “Mwalimu, mwaka jana nilisikia kitabu kizima.” Nimerudi nimelala na nguo za shule. Sijawahi kuichukia kazi hii kama leo.

Evodia


KAMACHUMU
15 DESEMBA

ATUPELE
MIMI NI BIBI TEODORA
NILISOMA MSUMARI
NILIANZA MSU
KISHA MA
NIKAKOSEA
KISHA MSUMARI
NINASOMA VIBAYA
NINASOMA KILA SIKU
MKONO NI WA KUSHOTO
NIANDIKIE NAMNA YA KUFINYANGA CHUNGU


Kupita Matema
19 Januari 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo! Kwanza salamu, maana umenifundisha: mwaka mpya tumeuona, nimehamishiwa nyumba yenye dari, na Mwalimu Lameck amepata mjukuu. Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Bahasha yako ilifika juzi. Nilipoona jina la Atupele juu, kwa zile herufi zilizolala kila moja upande wake, sikuifungua. Niliibeba hivyo hivyo imefungwa mpaka kwao. Mama yake alikuwa anapaka vyungu rangi. Nikamwonyesha muhuri wa posta, nikamwambia: hii imetoka kwa mtu ambaye sikupanga naye lolote, sijui ndani kuna nini, hakuna aliyeisoma, hakuna wa kuikariri. Ifungue wewe.

Akafuta mikono kwenye kanga. Akaipasua, akaitazama, akampa mtoto.

Atupele aliitazama ile karatasi. Nilijua tabasamu linakuja. Halikuja. Akaweka kidole chenye tope juu ya jina lake, akaanza. Shangazi, alisoma vibaya! Alikwama, alirudi nyuma, alisema “msuma” mara nyingi mpaka nikang’ata ulimi. Alipofika “ninasoma vibaya” akasimama, akaisoma tena peke yake taratibu, akanitazama, kisha akaendelea. Kwenye “mkono ni wa kushoto” jasho lilikuwa linamtiririka puani.

Mama yake alisogea karibu. Akamwambia asome tena. Akasoma tena, vibaya vile vile, ila akakwama mahali pengine. Ndipo mama akaniambia, na sauti yake haikuwa ya Novemba:

“Mwaka juzi alisoma vizuri sana. Leo anasoma kama mtu anayebeba mzigo. Basi huu ni mzigo kweli.”

Atarudia darasa la pili. Jumatatu hadi Ijumaa ni wangu, Jumamosi ni ya udongo. Kuku sikupewa, na nisingemla.

Jibu lake hili hapa. Darasani niliwafundisha barua peke yake na maelekezo peke yake. Yeye amevichanganya, na sikumsahihisha. Anord asikusomee.

Evodia


BIBI TEODORA
SHIKAMOO
MIMI ATUPELE

CHUKUA UDONGO
TOA MAWE
KANYAGA SANA
WEKA MAPAJANI
ZUNGUSHA
MKONO WA KUSHOTO UNAKAA NDANI
UNASHIKILIA
WA KULIA UNAKAA NJE

KIKIPASUKA KABLA YA MOTO
MAMA HAPIGI
UNALOWEKA
UNAANZA TENA

MIMI VITATU VIMEPASUKA
WEWE JE